Tazkira mfukoni: vibarua wa Iran kwenye visima vya Baku na chama walichokizaa

Historia ya Wakomunisti wa kwanza wa Iran huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianzia vitabuni: kijana kasoma Marx, akawaka, akarudi kwao na moto wake. Mimi naona simulizi hiyo inaanza mwisho. Kilichotangulia ni njia ya vibarua wa Iran waliovuka kwenda kwenye visima vya mafuta vya Baku, mji wa pwani ya Bahari ya Kaspi uliokuwa chini ya Urusi. Ilikuwepo miaka mingi kabla ya chama chochote, ikiwa na vituo vyake, gharama zake na karatasi zake. Chama kilipokuja kilipita humohumo na kuchukua watu walewale. Hata kilipokwama, kilikwama kwa sababu ya jinsi njia yenyewe ilivyokuwa.

Kwa hiyo nitaifuata karatasi moja. Kwa Kiajemi iliitwa tazkira, hati ya kusafiria ambayo raia wa Shah alipaswa kuwa nayo ili avuke kwenda Urusi. Ukijua nani aliitoa, nani aliilipia, nani hakuwa nayo na ilimfikisha wapi, nusu ya historia hii unayo.

Kwa nini walivuka

Mkataba wa Turkmenchay wa 1828 uliufanya Mto Aras kuwa mpaka wa Urusi na Iran. Ukaigawa nchi ya Azabajani vipande viwili, lakini lugha na ukoo vikabaki kimoja. Mkulima wa Sarab, Khalkhal au Ardabil, upande wa Iran, alizungumza Kituruki kinachoeleweka Baku bila mkalimani, alikuwa Mshia kama wenyeji wengi wa huko, na pengine alikuwa na shangazi ng'ambo.

Mafuta ndiyo yaliyoivuta njia hiyo. Mwaka 1872 serikali ya Tsar, yaani mfalme wa Urusi, iliacha mtindo wa kumkodisha mtu mmoja visima vyote vya Baku, ikaanza kuuza viwanja kwa mnada. Mwaka 1879 ndugu wa Nobel waliunda kampuni yao. Mwaka 1883 reli ikaiunganisha Baku na Tiflis (leo Tbilisi, Georgia), na kutoka hapo hadi bandari ya Batumi kwenye Bahari Nyeusi, mafuta yakapata soko la nje. Kufikia 1901 rasi ya Absheron, kijipande cha ardhi ambacho leo unakivuka kwa gari kwa muda wa saa moja hivi, ilikuwa ikitoa karibu nusu ya mafuta ya dunia nzima.

Upande wa Iran, vitabu hutaja kodi, ukame na unyonyaji wa wenye mashamba, na vyote ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka, nalo ndilo linaloeleza kwa nini mkondo uliongezeka mwaka hadi mwaka: sarafu. Krani ya Iran ilikuwa ya madini ya fedha, na Urusi ilishika dhahabu kikamilifu mwaka 1897. Bei ya fedha duniani iliporomoka miongo ya mwisho ya karne ya 19. Pauni moja ya Uingereza iliyobadilishwa kwa krani 25 hivi katikati ya miaka ya 1870 ilihitaji krani 50 na ushei mwanzoni mwa karne ya 20. Kijijini, chochote kilichotoka nje kilipanda bei. Wakati huohuo ruble aliyoirudisha kibarua kutoka Baku ilinunua krani nyingi zaidi kuliko ile aliyoirudisha kaka yake miaka 10 kabla. Aliyebaki alizidi kuumia, na aliyeondoka alizidi kufaidi, hata kama mshahara wa Baku haukuongezwa kopeki moja.

Jinsi ya kupata karatasi

Kwanza tazkira yenyewe. Chini ya wafalme wa Qajar vyeo viliuzwa. Aliyeshika ofisi alilipa mbele kwa wakubwa wake, kisha akarudisha fedha zake kwa kuwatoza wanaomjia. Ofisi za hati za kusafiria hazikuwa tofauti, na balozi ndogo za Iran kule Baku na Tiflis nazo ziliendeshwa hivyohivyo. Ndiyo maana kibarua alilipa mara mbili: akitoka, na tena akiwa ugenini kila hati ilipohitaji kuhuishwa. Malalamiko dhidi ya mabalozi wa Shah yamo katika karibu kila andiko la Wairani wa Kaukasi (eneo la Baku na Tiflis) wa miaka hiyo. Kabla mtu hajasikia neno "ubepari" alikuwa tayari anamjua kwa jina afisa wa nchi yake anayemkamua.

Pili viza ya Mrusi, iliyotolewa kwenye ubalozi mdogo, hasa wa Tabriz. Tatu, njia yenyewe. Ilikuwa na milango mitatu mikuu: Julfa kwenye Mto Aras kwa wanaotoka Tabriz na magharibi, Astara kwa wa Ardabil na Talesh, na bandari ya Anzali kwa wa Gilan, mkoa wa Iran wa pwani ya Kaspi, waliopanda meli hadi Baku. Reli ya Kirusi ilifika Julfa mwaka 1908. Kabla ya hapo ilikuwa miguu, punda na misafara ya biashara.

Wasiomudu gharama walivuka mto usiku. Hawa walikuwa wengi, na udhaifu wao ulikuwa dhahiri: bila hati, mnyapara angeweza kuwalipa alichotaka, na polisi wangeweza kuwarudisha Julfa siku yoyote.

Hapa niseme neno kwa wanaosoma takwimu. Ubalozi wa Urusi mjini Tabriz ulitoa viza zaidi ya 50,000 kwa vibarua mwaka 1904. Mwaka 1911, walioingia Urusi kihalali kutoka Iran walikuwa karibu 190,000 na waliorudi karibu 160,000. Usizichukue hizi kama idadi ya watu walioishi huko. Viza ni safari, na mtu mmoja angeweza kusafiri mara kumi katika maisha yake. Wavukaji wa usiku hawamo kabisa. La tatu ndilo linalowapotosha wengi: Warusi waliwaandika Waturuki wa Azabajani upande wao kama "Watatari", na Wairani kama "Waajemi", kwa kufuata hati, hata pale wawili hao walipokuwa mtu na binamu yake. Aliyepoteza tazkira akajiandikisha kama mwenyeji alihama kabila kwenye daftari bila kusogea hatua. Kwa hiyo unaposoma kwamba mwaka 1903 Waajemi walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila wafanyakazi watano wa mafuta Baku, na kwamba kufikia 1915 walikaribia theluthi, elewa kwamba hicho ni kima cha chini.

Mchanga

Nataka nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, kwa sababu waandishi wa siasa huiruka, na bila hiyo huwezi kueleza kwa nini Wairani walihitajika kwa makumi ya maelfu.

Mashamba ya mafuta yalikuwa Balakhani, Sabunchi, Ramani na Surakhani kaskazini-mashariki ya mji, na Bibi-Heybat kusini, kando ya bahari. Visafishio vilikuwa Mji Mweusi, ulioitwa hivyo kwa moshi wake. Ardhi ya Absheron ni ya mchanga uliolegea. Kisima kilichimbwa kwa kupiga: patasi nzito inanyanyuliwa, inaangushwa, inanyanyuliwa tena. Kwa kuwa kuta zilibomoka, kisima kilianza na upana mkubwa, mabomba ya chuma yakaingizwa moja ndani ya jingine kadiri kinavyoshuka, kila moja jembamba kuliko lililotangulia.

Mafuta yakipatikana, hutoka na mchanga. Pampu za wakati ule hazikuuweza, kwani mchanga uliziba vali na kula pistoni. Ndipo ikatumika zhelonka: ndoo ndefu nyembamba ya bati la chuma, umbo la bomba, yenye vali kwenye kitako. Inateremshwa kwa kamba ya chuma inayozungushwa kwenye pipa la winchi. Ikigusa mafuta, vali inafunguka kwa msukumo kutoka chini na ndoo inajaa. Ikivutwa juu, uzito wa mafuta unaifunga vali. Ikifika mdomoni mwa kisima inatuliwa kwenye sinia, kitako kinagonga, vali inafunguka, mafuta na mchanga vinamwagika kwenye mfereji. Kisha inashushwa tena. Usiku na mchana.

Anayeshika breki ya winchi aliitwa tartalshchik kwa Kirusi, na kazi yake ilikuwa ngazi moja juu ya ukibarua wa kawaida. Hakuona kilichomo kisimani. Alihesabu kwa alama kwenye kamba na kwa mtetemo. Akisinzia sekunde chache, ndoo ilipanda ikagonga gurudumu la juu ya mnara, kamba ikakatika, na chuma chote kikarudi chini kwa kasi. Kwa zamu ya saa 12 kulikuwa na nafasi nyingi za kusinzia.

Sasa rudi kwenye mchanga. Kila ndoo iliyomwagwa iliacha mchanga mzito wenye mafuta kwenye mifereji na mashimo ya kutuamisha. Mtu alipaswa kuuchota kwa koleo na kuubeba kwenda kuumwaga, tena na tena, vinginevyo mfereji uliziba na kisima kikasimama. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa Mwirani. Yeye pia alichimba mashimo ya kuhifadhia mafuta, alibeba mabomba, na aliingia ndani ya matangi kukwangua masalia. Hatari ya tangi ni gesi: haionekani, na baada ya pumzi chache pua haiisikii tena. Anayeanguka huonekana kama amechoka, na anayeingia kumvuta huanguka juu yake.

Kwenye gati za Baku nako Wairani walibeba mizigo. Wenyeji waliwaita ambal, na msikilizaji wa Kiswahili atalitambua neno, kwani ni hamali yuleyule. Jina lao la jumla lilikuwa hamshahri, yaani mtu wa mji mmoja nasi. Wenyewe waliitana hivyo kwa upendo. Midomoni mwa wengine likawa jina la dharau, la mtu mchafu, mshamba, anayekubali malipo yoyote. Makampuni yaliwapa nyumba mafundi, na vibarua wakalala kwenye mabweni yaliyosongamana karibu na visima, bila familia, mara nyingi kwa makundi ya kijiji kimoja waliokula chungu kimoja. Kundi hilo la chungu kimoja lishike akilini. Wanaharakati walipoanza kutafuta pa kupanda mashina ya chama, walilikuta liko tayari: watu wanaoaminiana, wanaojua nani ana deni la nani, na mmoja wao anayejua kusoma.

Mgomo na hatari ya kutokuwa na hati

Kulikuwa na mgomo mkubwa Baku Julai 1903, kisha mwingine Desemba 1904 uliozaa makubaliano ambayo wafanyakazi waliyaita Katiba ya Mazuti, kwa jina la mafuta mazito meusi. Yalikuwa makubaliano ya kwanza ya pamoja kati ya wafanyakazi na waajiri katika dola ya Urusi, na yaliweka siku ya kazi ya saa 9. Ukikuta kitabu kimoja kinasema yalitiwa saini Desemba 1904 na kingine Januari 1905, vyote viko sawa. Urusi ilitumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13: tarehe 30 Desemba kwao ni 12 Januari kwetu. Hati za Kiirani huongeza tabaka jingine, kwa kuwa hutumia miaka ya Hijria ya mwezi. Andika kalenda zote pembeni ya daftari lako kabla ya kupanga matukio, la sivyo utapata athari inayotangulia chanzo chake.

Mwanzoni Wairani walionekana na wenzao kama wavunja mgomo. Lawama hiyo ilikuwa na msingi, ila haikuwa na haki. Mrusi aliyegoma alihatarisha kazi. Mwirani asiye na hati alihatarisha kazi, malazi na nchi, na huko nyumbani kuna deni la tazkira linamsubiri. Mwaka 1906 hofu hiyo ilivunjika mahali ambapo wengi hawakutarajia. Kwenye machimbo ya shaba ya Alaverdi, Armenia, Wairani wapatao 2,500 kutoka Azabajani ndio waliokuwa uti wa mgomo. Jibu la wakuu lilikuwa kuwakamata na kuwafukuza nchini. Kwa mwajiri, ukibarua wa kigeni ulikuwa na faida hiyo: mgomo wa raia unahitaji mahakama au mazungumzo, wa mgeni unahitaji askari wa mpakani tu. Lakini waliofukuzwa walirudi Tabriz na vijijini wakiwa wameshajua mgomo ni nini, na serikali ya Tsar ndiyo iliyowapa usafiri.

Majina ya vyama, kwa masikio ya Kiswahili

Mwaka 1904 wasomi Waislamu wa Baku waliunda Hemmat, kundi lililoshirikiana na Wasoshalisti wa Urusi, na Nariman Narimanov akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka uliofuata wahamiaji wa Iran, wakisaidiwa na watu wa Hemmat, waliunda chama chao: Ejtemaiyun-e Amiyun. Tafsiri ya kawaida ni Wasoshalisti wa Kidemokrasia. Kiswahili kinalisikia kwa karibu zaidi. Ejtemai inatoka kwenye shina lilelile la Kiarabu lililotupa jamii, jamaa na ujamaa. Amiyun inatoka kwenye neno la Kiarabu la watu wa kawaida. Gazeti lao la baadaye, Hurriyet, ni uhuru. Na chama kilichofuata, Adalat, ni uadilifu. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka Ujamaa anayasoma majina haya karibu bila kamusi. Nalisema hili kwa sababu linaonyesha jinsi watu hawa walivyofanya kazi: hawakumletea hamshahri neno la Kijerumani. Walichukua maneno aliyoyasikia msikitini wakayapa kazi mpya.

Njia ya vibarua ilibeba karatasi kwa pande zote mbili. Mwaka 1901 Iskra, gazeti la Wasoshalisti wa Urusi lililopigwa chapa Ulaya, lilisafirishwa kwa majaribio kupitia Vienna na Tabriz hadi Baku, kwa kuwa mpaka wa kusini ulilindwa kidogo kuliko wa magharibi. Wakati wa Mapinduzi ya Katiba ya Iran (1905 hadi 1911) mkondo uligeuka: watu, silaha na mabomu vilitoka Kaukasi kwenda Tabriz, hasa Mohammad Ali Shah alipolipiga bunge mizinga Juni 1908 na mji huo ukazingirwa.

Anayeufupisha wakati huo ni Haydar Khan Amu-oghli. Alikuwa fundi umeme aliyesomea Tiflis, akaajiriwa kuweka mtambo wa umeme Mashhad, mji wa mahujaji kaskazini-mashariki mwa Iran. Alijaribu kuanzisha kundi la kisoshalisti huko, na kwa maelezo yake mwenyewe akampata mtu mmoja tu wa kumwelewa. Watu huchukulia hili kama ushahidi kwamba Iran haikuwa tayari. Mimi naliona kama swali la njia. Mahujaji wa Mashhad hawakupitia Balakhani. Tabriz, ambako kila mtaa ulikuwa na mtu aliyewahi kuchota mchanga wa Absheron, hali haikuwa hiyo.

Baada ya Tsar kuanguka mwaka 1917, Wairani wa Baku walijitokeza hadharani na Adalat, kikiwa na mizizi Sabunchi, katikati ya visima. Asadullah Ghaffarzadeh alikiongoza na aliuawa Gilan mwaka 1918. Mwingine alikuwa kijana wa Khalkhal, Seyyed Jafar, aliyefika Baku akiwa mtoto, akafanya kazi ya usafi shuleni huku akisoma, kisha akawa mwalimu wa shule ya Wairani. Nyaraka za chama humwita Javadzadeh, na baadaye Iran nzima ilimjua kama Pishevari. Hapa ndipo watafiti wengi hukosea hesabu: mtu mmoja ana jina la nyumbani, jina lenye -zadeh au -ov kwenye daftari la Baku, na jina la kalamu. Avetis Mikaelian, Mwarmenia wa Maragheh, ndiye Sultanzadeh. Usianze kuhesabu wanachama kabla hujaunganisha majina.

Gilan, miezi kumi na sita

Jeshi Jekundu liliingia Baku Aprili 28, 1920. Wiki tatu baadaye, Mei 18, meli za Kisovieti zilitia nanga Anzali, na mapema Juni jamhuri ya kisovieti ikatangazwa Rasht, mji mkuu wa Gilan. Mkuu wake alikuwa Mirza Kuchek Khan, ambaye harakati yake ya msituni ilianza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwishoni mwa Juni, Adalat ilifanya mkutano mkuu Anzali na wajumbe 48, ikajiita Chama cha Kikomunisti cha Iran.

Ndani ya wiki tano ushirika ulivunjika. Kuchek Khan alikuwa amekubaliana na Wasovieti kwamba propaganda ya kikomunisti isitumike. Ilitumika. Alirudi msituni Julai, na Julai 31 Wakomunisti pamoja na Ehsanollah Khan, aliyekuwa mshirika wa Kuchek Khan, wakashika serikali. Wakafuata kwa kishindo: mali za wafanyabiashara kutwaliwa, kampeni dhidi ya dini, ahadi za ardhi bila chombo cha kuigawa. Bazaa ikawageuka, na vijiji pia.

Sababu inayotajwa sana ni ugomvi wa viongozi. Naona iko chini zaidi. Makada wa Adalat walijifunza siasa mahali ambapo mwajiri ni kampuni, mshahara ni wa wiki au mwezi, na kijana analala bwenini mbali na baba yake. Gilan ilikuwa nchi ya mpunga na hariri. Mkulima alikopa kwa mfanyabiashara wa bazaa kabla ya mavuno, kwa hiyo ulipoifunga bazaa ulimkatia mbegu. Mwenye duka na mullah walikuwa wakwe zake. Walioshuka meli walizungumza Kituruki na Kirusi, na wenyeji walizungumza Kigilaki. Hata kibarua yuleyule, akiwa Sabunchi alikuwa mfanyakazi, akirudi kijijini alikuwa mtoto wa fulani mwenye robo eka. Chama kilimjua wa kwanza, hakikumjua wa pili.

Sultanzadeh alisimama upande wa mapinduzi ya ardhi ya moja kwa moja, na aliutetea mtazamo huo kwenye Kongamano la Pili la Komintern, jumuiya ya kimataifa ya vyama vya Kikomunisti, mwaka 1920. Haydar Khan alitaka umoja mpana na wazalendo. Mkutano wa Mataifa ya Mashariki uliofanyika Baku Septemba 1920, wenye wajumbe 1,891, kati yao Waajemi 192, ulimalizika huku upande wa Haydar Khan ukichukua uongozi. Ilikuwa imechelewa. Februari 1921 Reza Khan alipindua serikali Tehran, na Februari 26 Moscow ikatia saini mkataba wa urafiki na Iran. Majeshi ya Kisovieti yakaondoka mwaka huohuo. Haydar Khan aliuawa Gilan msimu wa vuli, na Kuchek Khan akafa kwa baridi milimani Desemba.

Shule ya Moscow na kiwanda cha Abadan

Walionusurika walitawanyika. Wengine walijenga vyama vya wafanyakazi Tehran, ambako gazeti la Haqiqat lilikuwa sauti yao mwaka 1922 hadi lilipofungwa. Wengine walipelekwa Chuo Kikuu cha Kikomunisti cha Wafanyakazi wa Mashariki, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1921. Wasomaji wa Kenya wanakijua chuo hicho kwa sababu nyingine: Jomo Kenyatta alisoma hapo mwaka 1932 na 1933.

Yusef Eftekhari alipita chuoni hapo, kisha akarudi kimyakimya kwenye kisafishio cha Anglo-Persian, kampuni ya mafuta ya Waingereza, huko Abadan kusini mwa Iran. Mei 1929 wafanyakazi waligoma. Mgomo ulizimwa haraka, viongozi wakakamatwa, na Eftekhari alikaa jela hadi 1941. Abadan ni Baku iliyohamia kusini: mafuta, kampuni ya kigeni, vibarua wa vijijini. Tofauti ni kwamba sasa dola ya Iran yenyewe ilikuwa na nguvu. Juni 1931 ilipitishwa sheria iliyofanya uanachama wa kundi la "eshteraki", yaani la mali ya shirika, kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 10. Pishevari alikuwa ameshakamatwa mwaka uliotangulia.

1938

Huko Baku mambo yalibadilika bila watu kusogea. Katika miaka ya 1920 pampu za kina na uchimbaji wa kuzungusha viliondoa zhelonka, na mchotaji wa mchanga akapungua thamani. Maelfu ya Wairani walibaki, wameoa, wana watoto wanaosoma Kirusi, na wengi bado walikuwa na hati za Iran au hawakuwa na hati ya nchi yoyote.

Mwaka 1937 na 1938 swali likawa la hati tu. Chukua uraia wa Kisovieti au ondoka. Waliokataa walipelekwa mpakani, wakavuka kurudi Iran kupitia Anzali, Astara na Julfa. Waliokubali, wakiwa wanaishi maeneo ya mpakani ya Azabajani, walikuta karatasi mpya haiwalindi: mwaka 1938 karibu watu 6,700 walihamishwa kwa nguvu hadi Kazakhstan. Na kulikuwa na njia ya tatu. Katika operesheni ya polisi wa siri dhidi ya "Wairani", watu zaidi ya 13,000 walihukumiwa, na zaidi ya 2,000 kati yao walipigwa risasi. Sultanzadeh aliuawa mwaka huohuo wa 1938. Mtu aliyeuamini ukomunisti maisha yake yote na hamali ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja waliingia kwenye orodha moja, kwa kigezo cha mahali pa kuzaliwa.

Waliovuka kurudi Iran waliitwa mohajer, muhajiri, ingawa walikuwa wanarudi kwao. Polisi wa Reza Khan, ambaye sasa alikuwa Reza Shah, waliwafuatilia kama wapelelezi wa Urusi, na ajira ikawa shida. Wengi walitulia Ardabil, Tabriz na miji ya Gilan, wakiwa na ufundi wa karakana za Baku.

Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza na Urusi yaliingia Iran, jela zikafunguliwa, Pishevari akatoka. Mwaka 1945 aliongoza serikali ya Azabajani mjini Tabriz, na wale muhajiri walijaa kwenye vikosi vyake. Serikali hiyo ilidumu mwaka mmoja. Desemba 1946, jeshi la Tehran lilipokaribia, maelfu walivuka Aras pale Julfa kuelekea kaskazini, Pishevari akiwa mmoja wao. Alikufa kwa ajali ya gari upande wa pili wa mto mwaka 1947.